Alama za Chaki za Mwalimu Amiri

"Nani alikuona huko?" aliuliza Mkaguzi Tatu Mnonji.

"Mbuzi," alijibu Faraji.

"Sema tena."

"Mbuzi, afande. Wawili. Pikipiki ilinizimikia nikitokea Mikindani, nikaikokota mpaka pumzi ikaniishia, nikajilaza chini ya mkorosho. Nilipozinduka, nikakuta mbuzi wawili wanatafuna kamba yangu ya mizigo. Binadamu sikumwona hata mmoja mpaka magharibi."

Sajenti Lukasi alikuwa ameegemea mlango wa mahabusu akimenya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kusini. Alicheka kwa pua.

"Nimeandika hivyo hivyo kwenye maelezo yake, afande. Mbuzi wawili, majina hayakupatikana."

Tatu alitazama pembeni kidogo ili uso wake usimsaliti, kisha akarudi kwenye jalada. Alikuwa amefika asubuhi ile ya Ijumaa kutoka ofisi ya upelelezi ya Mtwara mjini, na kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumatano alasiri, wanafunzi na karibu walimu wote wa Sekondari ya Chilonji, upande wa Nanyamba, walikuwa uwanjani kwenye michezo. Waliporudi hawakukuta taa. Betri nne za sola, kila moja nzito kama kiroba cha unga, zilikuwa zimetoweka kwenye chumba cha umeme. Kidato cha sita wanaanza mtihani wa taifa Jumatatu, na kwa siku mbili sasa wanasoma kwa tochi za simu walizoazima kwa walimu.

Faraji ndiye fundi aliyezifunga betri hizo. Ana ufunguo wa akiba. Plaizi yake, yenye jina lake limechongwa kwenye mpini, iliokotwa sakafuni. Na juu ya yote, makamu mkuu wa shule, Mwalimu Amiri, alisema aliiona pikipiki yake imesimama mlangoni pa chumba cha umeme.

"Plaizi niliisahau wiki iliyopita nikibadilisha fyuzi," Faraji alisema. "Muulize mlinzi. Nilimpigia simu anitunzie."

"Nitamuuliza. Kuna jingine unataka kuniambia?"

Faraji alishika nondo kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mrefu, na shati lake lilikuwa limepauka kwa vumbi la sakafu ya mahabusu.

"Kesho baada ya adhuhuri naoa, afande. Wageni wengine wameshavuka Ruvuma, wapo Kilambo wanatafuta usafiri. Mama yangu ameambiwa nimekwenda kununua mchele. Mchele gani unanunuliwa siku mbili?"

*

Mlinzi wa shule, Mzee Sudi, aliwapokea getini na kuwapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha umeme. Alithibitisha habari ya plaizi: ni kweli Faraji alipiga simu, na yeye Sudi aliiona pale sakafuni akaiacha palepale, maana fundi angerudi.

"Mbona hukumwambia Sajenti?"

"Hakuniuliza, afande. Aliniuliza kama nnajua kusoma. Nkamwambia nnajua. Akanisomesha jina la kwenye mpini, basi."

Lukasi alijikuna shingo.

Tatu alichuchumaa mbele ya rafu iliyobaki tupu. Nyaya nene za shaba zilikuwa zinaning'inia, na ncha zake zimechanikachanika, mbili kati yake zikiwa nyeusi kwa moshi.

"Sajenti, fundi akitaka kutoa betri hufanyaje?"

"Hufungua nati kwa spana."

"Na huyu?"

"Huyu amekata kwa kisu." Lukasi aliinama, akanusa. "Akapigwa shoti."

"Fundi aliyezifunga mwenyewe, mwenye spana zake, akate kwa kisu mpaka apigwe shoti?"

"Labda alitaka tufikiri si yeye, afande."

"Kwa hiyo angetumia spana, ni Faraji. Ametumia kisu, ni Faraji pia."

Sajenti alifikiri kidogo. "Ukilisema kwa sauti halipendezi," alikiri.

"Mzee Sudi, Jumatano ulikuwa wapi?"

"Hapa, mpaka Mwalimu Amiri aliponiambia niende nkalinde vyombo vya chakula uwanjani. Alisema shule ataiangalia yeye, atakuwapo maabara anamsaidia Mwalimu Zainabu kazi yake."

"Kazi gani?"

"Ya kuchora ukuta, afande. Mengine ya kisomi, siyajui."

*

Mwalimu Zainabu alikuwa mlangoni pa maabara ya fizikia, akihangaika na kufuli. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi mpaka kwenye viwiko, na ufunguo ameushika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota kaa la moto. Simu yake iliita ndani ya mkoba. Aliiacha iite.

"Shangazi zangu," alisema. "Bibi harusi hatoki nje siku kama ya leo. Nimewaambia bwana harusi akiwa ndani ya mahabusu, bibi harusi hana budi kutoka."

Tatu alimsaidia kufungua. Maabara ilikuwa imefungwa tangu Jumatano jioni. Zainabu alikuwa mjini siku ile kujaribisha gauni, na Alhamisi aliamka na habari ya Faraji, kwa hiyo somo alilotaka kuwafundisha kidato cha sita halikufanyika.

"Mwalimu Amiri anafundisha nini?"

"Historia. Alikuja mwenyewe kujitolea. Alinikuta naandaa, akasema nenda kajaribishe gauni, mimi nitakusaidia. Nikamwonyesha kifaa. Nikamwambia apige leza ukutani, abane mwanya kidogo kidogo, na kila akibana aweke alama za chaki mwanga unapoishia kulia na kushoto. Kazi ya kuwasha na kuchora tu."

Alisogea ndani. Kisha akasimama.

Kwenye ukuta mweupe wa mbali palikuwa na jozi sita za mistari ya chaki, zimepangwa kutoka juu kwenda chini kwa mkono safi wa mwalimu wa ubaoni. Jozi ya juu ilikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Ya pili ilikuwa imepungua. Ya tatu imepungua zaidi. Ya mwisho kabisa, kando yake pameandikwa "mwanya mwembamba kabisa", mistari ilikaribiana kiasi cha upana wa kidole.

Zainabu alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, hina na yote.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Afande, huyu mtu hakuwasha leza. Hajaiona kabisa. Amechora alichodhani angekiona."

Tatu alivuta kiti akaketi.

"Mwalimu Amiri ndiye shahidi pekee dhidi ya mchumba wako. Unaelewa kwamba neno lako kwangu leo lina uzito mdogo."

"Naelewa. Neno langu liache. Funga madirisha."

Kifaa chenyewe kilikuwa cha kutengenezwa shuleni: kipande cha ubao, viwembe viwili vilivyotazamana makali kwa makali, kimoja kimegandishwa na kingine kinasogezwa kwa skrubu. Nyuma yake, kalamu ya leza imeshikiliwa kwa vibanio vya nguo. Lukasi aliteremsha khanga zilizotungikwa madirishani. Maabara ikawa na giza la kutosha. Zainabu akawasha, na doa jekundu likatokea ukutani.

"Msiitazame machoni. Sasa, afande, kabla hujagusa skrubu. Ukibana mwanya, unategemea doa litafanya nini?"

"Litajibana."

"Kwa nini?"

"Dirisha likiwa jembamba, mwanga unaoingia unakuwa mwembamba."

"Haya. Bana."

Tatu alizungusha skrubu polepole. Doa lilipungua kidogo.

"Haya basi!" Lukasi alisema. "Mwalimu Amiri yuko sahihi."

"Endelea, afande."

Tatu aliendelea. Kwa muda doa lilisita, kama halijaamua. Kisha likaanza kutanuka. Kadiri viwembe vilivyokaribiana, ndivyo wekundu ulivyotambaa kulia na kushoto, ukififia, mpaka ukawa mstari wa kulala ulio mpana kuliko kiganja, wenye sehemu angavu katikati na vidoa vidogo pembeni vilivyopangana kwa zamu, chekundu, giza, chekundu. Mwanya haukuonekana tena kwa macho.

Lukasi, aliyekuwa bado na ming'oko mdomoni, aliacha kutafuna. Alikwenda ukutani, akaweka mkono mbele ya mwanga, akautoa. Akachungulia nyuma ya kabati.

"Rudisha, afande. Nione tena."

Tatu akalegeza skrubu. Mstari ukajikusanya ukawa doa. Akabana. Doa likafunguka. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara ukuta ulijibu vilevile.

"Nieleze," alisema. "Kwa maneno ambayo nitaweza kuyarudia mbele ya hakimu."

Zainabu aliketi juu ya meza ya wanafunzi, mikono ameiinua ili hina isiguse gauni.

"Mwanga unakuja kwa chembe, nyingi mno. Kila chembe iliyofika ukutani ilipita wapi?"

"Katikati ya viwembe."

"Mwanya ukiwa mpana, hujui vizuri ilipita upande gani. Nikiubana, najua vizuri zaidi mahali ilipokuwa. Ni sawa?"

"Sawa."

"Hapo ndipo masharti yanapoanza. Kadiri mahali pake panavyokuwa na uhakika, ndivyo msukumo wake wa kwenda kando unavyokosa uhakika. Ikikosa uhakika wa kwenda kando, zingine zinaangukia kulia, zingine kushoto, zingine mbali zaidi. Ukutani zinatawanyika. Ndiyo kanuni ya kutokuwa na uhakika."

"Viwembe vinazigusa," alisema Tatu. "Kama shahidi. Ukimbana sana kwa maswali anababaika, anasema chochote."

"Kila mtu husema hivyo mara ya kwanza. Mimi nilisema hivyo chuoni nikapata sifuri." Zainabu alitikisa kichwa. "Shahidi wako, kabla hujambana, alikuwa na habari kamili kichwani. Wewe ndiye uliyeivuruga. Chembe si hivyo. Haijawahi kuwa na mahali kamili na msukumo kamili kwa pamoja, halafu sisi tukaja na mikono mizito tukaiharibu. Haina vyote viwili. Ikipata ukamilifu upande huu, upande ule unalegea."

"Kama shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje."

"Karibu. Lakini shuka unaweza kwenda dukani ukanunua refu. Hili refu lake halipo duniani."

"Na chombo cha gharama kutoka ng'ambo?"

"Kitakuonyesha mstari uleule, ila nadhifu zaidi."

Tatu aliutazama ukuta.

"Zikiwa nyingi zinasukumana, ndiyo maana zinatawanyika?"

"Swali zuri. Hapana. Kwenye maabara kubwa wamefifisha mwanga mpaka chembe zikawa zinapita moja moja. Moja inapita, inagonga ukuta, ndipo nyingine inafuata. Hakuna wa kusukumana naye. Na kila moja inagonga pake, na hakuna mtu anayeweza kukuambia mapema ni wapi. Lakini ukizingoja zikawa nyingi, utakuta zimejipanga hivi hivi."

"Kwa hiyo moja siwezi kuitabiria."

"Huwezi."

"Na zote pamoja naweza."

"Nipe ukubwa wa mwanya na umbali wa ukuta, nitakupigia hesabu ya upana huo kabla hujawasha. Tena angalia alama zake za juu kabisa. Ameanza na kiganja kizima wakati mwanya uko wazi. Hata pa kuanzia alikosea."

Tatu alisimama, akazima leza, akafungua khanga madirishani.

"Mwalimu, utakaa nyuma pale. Hutasema neno mpaka nikuulize. Sajenti, kamwite Mwalimu Amiri. Mwambie nina maswali madogo tu, nataka kufunga jalada kabla ya swala ya Ijumaa."

*

Mwalimu Amiri aliingia akiwa tayari amevaa kanzu na kofia, ananukia udi. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye sauti ya kufikia dawati la mwisho. Alimpa Zainabu pole ndefu. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa na plasta.

"Umeumia, Mwalimu?"

"Viwembe vya Mwalimu Zainabu hivi, afande. Fizikia haina huruma na watu wa historia."

"Pole sana. Nisaidie kidogo. Jumatano alasiri ulikuwa hapa muda wote?"

"Muda wote. Nilianza waliposhuka uwanjani, nikamaliza waliporudi."

"Na Faraji ulimwona kupitia dirisha lipi?"

"Hili." Alionyesha bila kusita. "Pikipiki yake ile nyekundu imesimama mlangoni pale."

"Ulikuwa umefunga mapazia?"

"Ilibidi. Bila giza leza haionekani."

"Ukaonaje nje?"

Amiri alitabasamu. "Joto la Mtwara unalijua, afande. Nilikuwa nafungua kila mara kupata hewa. Katika kufungua huko ndipo nikamwona."

Tatu aliitikia kwa kichwa na kuandika. Lukasi alimtazama bosi wake kwa wasiwasi. Jibu lilikuwa zuri.

"Basi nifafanulie kazi yako, maana mimi si mtu wa sayansi. Alama hizi ulizichora mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Ukitazama mwanga?"

"Nikitazama mwanga."

"Ulipobana mwanya, mwanga ulifanya nini?"

"Ulipungua upana. Kila nikibana, unapungua. Ndivyo nilivyoweka alama, kutoka juu kwenda chini."

"Hukukosea mpangilio? Labda ulianza na mwembamba?"

"Afande, nimesahihisha mitihani miaka ishirini. Mpangilio ni huo huo. Nimeandika na maneno kando."

"Sajenti, yaandike hayo. Mwalimu, soma, kisha weka sahihi."

Amiri alisoma, akaweka sahihi yenye madoido.

"Asante. Sasa Sajenti, shusha mapazia."

Khanga zikashuka. Tatu akawasha leza. Doa jekundu likatua chini kidogo ya alama za chaki.

"Njoo ubane wewe, Mwalimu. Kama ulivyofanya Jumatano."

Amiri alishika skrubu kwa vidole viwili, plasta ameiepusha pembeni. Alizungusha. Doa likapungua kidogo, na akashusha pumzi. Akazungusha tena. Doa likafunguka. Akasimamisha mkono.

"Endelea."

Akaendelea. Mwanga ukatambaa kulia na kushoto, ukazipita alama zake za mwisho, ukazipita za katikati, ukavuka na jozi ya kiganja kizima.

Nyuma, simu ya Zainabu iliita tena ndani ya mkoba, ikakatika.

"Kifaa kimeharibika," alisema Amiri.

"Lini?"

"Sijui. Kimekaa hapa siku mbili."

"Maabara ilikuwa imefungwa. Legeza, ubane tena."

Alilegeza, akabana. Ukuta ukamjibu vilevile. Jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. Kisha uso wake ukachangamka ghafla.

"Afande! Hii kanuni inaitwaje? Mwalimu Zainabu mwenyewe aliniambia. Kanuni ya kutokuwa na uhakika! Wanasayansi wenyewe wanakiri kwamba hakuna uhakika. Sasa vipi mtu anifunge kwa kitu ambacho hata wenyewe hawana uhakika nacho? Jumatano kilifanya vile, leo kimefanya hivi. Kutokuwa na uhakika ndiko huko!"

Lukasi alimgeukia Tatu, mdomo wazi kidogo. Hata yeye aliona hoja ina nguvu. Zainabu alinyanyuka nusu, akakumbuka, akaketi.

Tatu alikwenda ukutani na kuweka kidole katikati ya wekundu.

"Mwalimu Amiri, chembe moja ya mwanga ikipita pale, mimi sijui itagonga wapi. Inaweza kugonga hapa. Inaweza kugonga kule. Wewe hujui, Mwalimu Zainabu hajui, na aliyetengeneza leza hajui. Hapo hatuna uhakika. Lakini wewe hukuchora chembe moja. Ulichora mwanga mzima, na mwanga mzima una upana wake. Ukibana mwanya, upana unaongezeka. Unaongezeka Jumatano na unaongezeka Ijumaa. Kanuni haisemi chochote kinaweza kutokea. Inasema ukipunguza huku, kule kutaongezeka, na inasema kwa kiasi gani. Ungekuwa umekaa hapa alasiri nzima, jambo hili ndilo ungekuwa wa kwanza kulisimulia kwenye chumba cha walimu, maana linashangaza. Mimi mwenyewe limenishangaza." Alimgeukia Zainabu. "Nimekosea mahali?"

"Hakuna, afande," alisema Zainabu, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Ningekupa alama zote."

"Toa plasta, Mwalimu Amiri."

Amiri alisita. Kisha akaibandua. Hapakuwa na mkato wa wembe. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imebabuka na kupauka, alama ya moto.

"Shoti," alisema Lukasi polepole.

Mwalimu Amiri aliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Kanzu yake ilimwagika pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali.

"Ilikuwa mechi tu, afande."

"Mechi gani?"

"Ya watani wa jadi. Shemeji yangu, anaitwa Jumanne, ana banda la kuonyesha mpira Kitaya. Betri zake zilikufa asubuhi ile ile, na kijiji kizima kimeshajipanga. Akanipigia simu analia. Nikasema nazikopesha jioni moja, alfajiri zimerudi, hakuna atakayejua. Nikatafuta sababu ya kubaki shuleni. Hapa sikuingia hata kidogo mpaka niliporudi kuchora hivyo vimistari. Kufungua nati sikujua, nikakata, shemeji akaja kuzipakia kwenye bajaji."

"Na hazikurudi alfajiri."

"Alisema kuna mechi nyingine. Halafu nyingine."

"Mbona ukamtaja Faraji?"

Amiri aliinamisha kichwa. "Mkuu wa shule alitukusanya wote ofisini. Sajenti akatoa ile plaizi, akauliza nani aliona kitu. Watu wote wakanyamaza. Mdomo wangu ukasema wenyewe. Nilidhani watamuuliza tu halafu wamwachie. Sikujua atalala ndani."

"Alilala ndani, na jana ukamwona mchumba wake analia. Ukanyamaza." Tatu alifunga jalada. "Habari ya betri mngeweza kuimaliza hapa hapa shuleni kwa aibu. Habari ya kuwapa polisi maelezo ya uongo, umeweka sahihi sasa hivi. Hiyo itakwenda mbele. Sajenti!"

"Afande."

"Nenda kituoni kamfungulie Faraji. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Na umwombe radhi. Halafu mlete hapa na spana zake, tunakwenda Kitaya."

*

Walilikuta banda la Jumanne limejaa mchana kweupe. Betri nne za Sekondari ya Chilonji zilikuwa zimepangwa kwenye benchi nyuma ya pazia la turubai, zikiendesha televisheni kubwa na feni. Jumanne alipoona sare ya Lukasi alijaribu kuzifunika kwa mwili wake, lakini betri zilikuwa nne na yeye alikuwa mmoja, tena mwembamba.

"Afande, zimebaki dakika kumi!" watu walipiga kelele kutoka kwenye mabenchi. "Kumi tu, jamani! Ni mechi ya ubingwa!"

Tatu aliangalia televisheni, akamwangalia Faraji aliyekuwa amesimama na spana mkononi.

"Wewe ndiye mwenye haraka. Amua wewe."

Faraji alitazama skrini. "Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Moja moja!"

Akaketi kwenye ukingo wa benchi la mbele. Watu wakashangilia. Mwalimu Amiri, aliyekuwa ameachwa ndani ya gari na kanzu yake ya Ijumaa, alionekana akinyoosha shingo dirishani kujaribu kuona.

Bao halikuongezeka. Filimbi ya mwisho ilipolia, Faraji alifungua nati moja baada ya nyingine kwa utulivu, akafunika kila ncha kwa utepe mweusi, na kuwaonyesha wenye banda jinsi ya kubeba betri bila kuimwaga. Jumanne alipakia zote nne kwenye gari mwenyewe, huku wateja wake wakimhesabia, kisha akapanda nyuma kukaa karibu na shemeji yake bila kuambiwa.

Jua lilikuwa bado linawaka walipofika Chilonji. Faraji aliingia kwenye chumba cha umeme, akakata ncha zilizoungua, akafunga nyaya mpya. Bwenini taa zikawaka zote pamoja, na wasichana wa kidato cha sita wakatoka vibarazani na vigelegele. Walipomwona fundi anatoka, vigelegele vikageuka kuwa nyimbo za harusi.

Mwalimu Zainabu alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja. Shangazi zake wawili walikuwa wameshafika kwa bajaji na wamemshika kila mmoja mkono wake. Hakumkaribia Faraji. Alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Ukaoge!" alimpigia kelele.

"Nakwenda!"

"Na ununue mchele! Mama yako ameniuliza mara tatu!"

Shangazi wakamgeuza na kumsukuma kuelekea kwenye bajaji, na walipomfunika khanga kichwani alikuwa bado anacheka.

Lukasi alimsogelea Faraji, kofia mkononi.

"Kule kituoni nilikuomba radhi kwa amri," alisema. "Sasa nakuomba kwa hiari. Nilikuta plaizi nikaacha kufikiri."

Faraji alimpa mkono, kisha hakuuachia.

"Shahidi wangu mmoja wa ndoa bado yuko Kilambo, hajapata gari. Wewe ni mtu mzima, una sare, unapendeza. Njoo kesho usimamie."

"Mimi ni Mkatoliki, ndugu yangu."

Faraji alifikiri.

"Basi utasimamia pilau."

Lukasi alimgeukia bosi wake. "Afande, kesho nina zamu."

"Ulikuwa nayo," alisema Tatu, akafungua mlango wa gari.